Watu Thelathini na Mmoja Niliowaandika Hawakuja

Mmenipigia simu mara mbili kuuliza kipande cha ubao kilichokuwa chini ya mguu wa meza ya kuchambulia majani ya chai kimeenda wapi. Nimekichukua mimi. Sikukiiba, maana hakikuwa mali ya kituo hata siku moja. Najua meza sasa inayumba na majani yanamwagikia upande wa ukuta, kwa sababu mguu ule ulikatwa mfupi na fundi ambaye hatukumwona tena. Tafuteni jiwe. Lakini kwa kuwa mmeuliza, na kwa kuwa siku ya kuniaga mvua ilikuwa inakaribia, soda zilikuwa zinapata joto, nami nikasema asante tu nikakaa, wacha niwaandikie yale ambayo sikuyasema. Nawaandikia makarani wote wa kituo, na hasa wewe Chepkemoi, niliyekuachia mizani na kalamu. Hasira yangu sitaificha. Nimekuwa mpole kazini miaka mingi mno, na huo upole ndio ulionifikisha pabaya.

Nilianza ukarani wa majani nikiwa kijana mwembamba ambaye koti la kazi lilimfika magotini. Mizani ya siku hizo ilikuwa ya kuning'inia kwenye boriti, na sindano yake ilitetemeka hadi uivizie itulie. Aliyenifundisha ni Mzee Chelule, karani wa kituo kabla yangu, mtu wa maneno machache na kikohozi kingi. Siku ya kwanza aliniacha nipokee gunia la mama mmoja. Niliangalia juu, nikaona majani mawili na chipukizi, laini, mazuri kabisa, nikasema sawa. Mzee Chelule akanirudisha.

"Hii ya juu amekupangia wewe," aliniambia. "Yenye anauza iko chini. Ingiza mkono mpaka hapa." Akanishika kiwiko. "Uskie kama iko na moto. Na uangalie majani, usiangalie uso ya mtu."

Nikaingiza mkono. Chini kulikuwa na majani magumu, vijiti, na joto kama la uji uliofunikwa, dalili ya majani yaliyokaa sana yakaanza kuharibika. Tangu siku hiyo sikuwahi kununua gunia kwa macho. Nilijigamba kwa jambo hilo miaka yote, na wakulima walijua kwamba karani huyu hadanganyiki. Majani niliyagawa mafungu mawili: yanayokubaliwa na yanayorudi nyumbani. Fungu la tatu halipo katika kazi yetu, na halihitajiki. Shida ni kwamba mtu akigawa majani hivyo kila siku ya maisha yake, anaanza kugawa na watu.

Nyinyi mnajua kamati ya kituo huchaguliwa kwa mlolongo. Wagombea wanasimama uwanjani, wakulima wanajipanga nyuma ya wanayemtaka, karani anahesabu vichwa na kujaza fomu. Mnachoona sasa ni milolongo miwili, na mnadhani ndivyo ilivyoumbwa. Sivyo. Wakati wa Mzee Chelule nilihesabu hadi milolongo minane. Kila kilima kilileta mtu wake. Kuna mmoja alipata watu wanne, wawili kati yao wake zake, na mke mdogo akahama katikati ya hesabu. Tulicheka wiki nzima. Lakini hata huyo wa watu watatu tulimwandika, na nafasi kwenye kamati ziligawanywa kwa vilima, kwa hiyo hata kilima kidogo kilikuwa na mtu wa kupiga kelele kwa niaba yake. Mikutano ilikuwa mirefu, tena ya kuchosha. Sitawadanganya kwamba ilikuwa mbinguni.

Kisha vyama vikaingia. Sitavitaja kwa majina, na hata nikivitaja haitasaidia, kwa sababu majina hubadilishwa kila uchaguzi wa nchi ukikaribia. Kimoja alama yake ilikuwa ndoo, kingine kufuli. Wakubwa wa vyama walikuwa wamegundua kwamba mwenye kituo cha majani ana umati wa kuita kwenye mkutano wowote, asubuhi yoyote, bila kutafuta watu. Ghafla kazi ya mwenyekiti wa kamati, ambayo zamani ilikuwa ya kuuliza lori limechelewa wapi, ikawa ya watu wenye kofia na fulana za rangi. Zile nafasi za vilima zikafutwa. Mwenyekiti angechagua kamati yake mwenyewe.

Msimamizi wetu wa eneo wakati huo alikuwa Bwana Langat, mtu nadhifu, viatu vyake havikuwahi kushika matope na sijui aliwezaje. Yeye ndiye aliyeleta fomu mpya. Ilikuwa na nafasi mbili za wagombea, na chini kabisa nafasi ya tatu iliyoandikwa "Wasiohudhuria".

"Karani, ile ya zamani ilikuwa fujo," alinieleza. "Mwenyekiti anachaguliwa na watu kumi na tisa, halafu mia wanamtukana. Sasa wakiwa wawili, mwenye atashinda ako na watu wengi nyuma yake. Ataongea, atasikizwa."

Hata leo nakiri kwamba hoja yake ina uzito. Milolongo minane ilitupa wenyeviti dhaifu. Ila Bwana Langat hakuniambia, na mimi sikujiuliza, mtu anayejipanga nyuma ya mmoja kati ya wawili amesema nini hasa. Nilipokea fomu nikaziweka kwenye droo.

Sasa niwaambie habari za ng'ambo, kwa sababu hasira yangu inaishi huko. Ng'ambo ya kijito kulikuwa na nyumba kama ishirini hivi. Nusu zilikuwa za Wakipsigis wenzangu, na nusu za watu ambao wazazi wao walitoka upande wa Kisii, wakanunua vipande vya ardhi, wakapanda chai, wakazeeka hapa. Mmoja wao ni Mama Moraa, mwanamke mfupi mwenye mikono ya haraka kuliko mchumaji yeyote niliyemjua. Daraja lao lilikuwa magogo mawili yaliyopigiliwa mbao. Mvua ndefu ikishika, maji yanapita juu ya mbao. Hapo mwenye kapu mgongoni ana mambo mawili ya kufanya: kuvuka akiomba Mungu, au kuzunguka kwa barabara ya Silibwet, mwendo wa saa mbili. Akizunguka, majani yanafika yana moto. Yakifika yana moto, mimi nayarudisha.

"Karani, hii majani nimechuma leo asubuhi," Mama Moraa aliniambia siku moja, mkono wangu ukiwa bado ndani ya gunia lake.

"Najua."

"Si mimi nimeipika. Ni barabara."

"Najua, Mama Moraa. Lakini kiwanda hakinunui barabara."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikizungumza. Nilijiona mcheshi.

Uchaguzi wa kwanza wa fomu mpya ulipokaribia, mgombea wa Ndoo alikuja kunywa chai kwenye meza yangu. Aliahidi mabati mapya ya kituo. Nikamuuliza, na watu wa ng'ambo je, na daraja lao? "Wataenda wapi?" alisema, akipuliza kikombe. "Kufuli hawezi kuwapa kitu. Watakuja tu kwetu." Wiki iliyofuata akaja wa Kufuli, akakalia kiti kilekile. Yeye aliahidi tangi la maji. Nikamuuliza swali lilelile. "Wataenda wapi, Karani? Ndoo amewasahau. Watakuja tu kwetu." Nilicheka mara zote mbili, kwa sababu nilikuwa nimezoea kucheka na wageni wa meza yangu. Leo maneno hayo yananichoma. Watu wawili waliokuwa hawasalimiani barabarani walikuwa wamekubaliana neno kwa neno juu ya jambo moja, kwamba kuna wakulima ambao hakuna haja ya kuwapa chochote.

Siku yenyewe kulikuwa na manyunyu tangu asubuhi. Ndoo alisimama upande wa barabara, Kufuli upande wa shamba la nyasi za napia. Milolongo ikaanza kukua. Ndipo nikamwona Mama Moraa akipanda njia ya kutoka kijitoni, amebeba ubao kichwani, mrefu, mweusi kwa maji. Alifika katikati ya uwanja, akauweka chini kwenye nyasi, akasimama nyuma yake. Mumewe, Mzee Ombati, akasimama nyuma ya mkewe. Kisha akaja Mzee Kirui, jirani yao, Mkipsigis ambaye sote tulijua ni mtu wa Ndoo damu na nyama, naye akasimama nyuma ya Ombati. Wakaendelea kuja. Nilihesabu kwa mazoea tu, bila kukusudia. Walikuwa thelathini na mmoja.

Nikawaendea na ubao wangu wa kuandikia.

"Mama Moraa, hiyo ni nini?"

"Ni ubao ya daraja. Imeng'oka jana."

"Nauliza mgombea wenu ni nani."

"Ni hii."

Nikapaza sauti ili kila mtu asikie. "Ubao hauna kitambulisho, Mama."

Uwanja mzima ulicheka. Bwana Langat alicheka hadi akafuta macho. Watu wa Ndoo na wa Kufuli, ambao asubuhi ile hawakuwa wameshikana mikono, walicheka pamoja. Kwenye mlolongo wa tatu hakuna aliyecheka. Mama Moraa alingoja kelele ziishe.

"Karani, hawa wawili nimewasikiza," alisema. "Mmoja anasema mabati, mwingine anasema tangi. Nikisimama kwa mabati, wewe utaandika Mama Moraa anataka mabati. Mimi sitaki mabati. Nataka kuvuka. Andika chenye nataka."

Nimesikiza redio miaka mingi, nimesikia maprofesa na mawakili wakibishana juu ya vyama, na sijasikia mtu aliyelisema jambo hilo vizuri zaidi. Lakini siku ile niliangalia fomu badala ya kumwangalia yeye. Nilimrudia Bwana Langat nikamuuliza nifanye nini.

"Waambie wachague laini. Fomu iko na mahali pawili."

Nikarudi nikawaambia, kwa upole: "Mama, tafadhali chagua laini. Fomu ina mahali pawili." Hakuna aliyesogea. Mvua ikaongezeka. Nikarudi tena kwa Bwana Langat.

"Kama hawako kwa laini, hawako," alisema.

"Hawako wapi?"

"Hawako." Na kidole chake safi kikaonyesha ile nafasi ya chini.

Nikaandika. Wasiohudhuria: thelathini na mmoja. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwao. Nilikuwa nawajua wote kwa namba zao za ukulima, kwa magunia yao, wengine kwa majina ya watoto wao. Nikaandika kwamba hawakuja, nikatia sahihi, na sahihi yangu mnaijua, ina mkia mrefu wa madaha. Mkono ule niliouzoeza kuingia hadi chini ya gunia, siku hiyo uliandika ya juu tu.

Ndoo alishinda kwa watu tisa. Mnaweza kujipigia wenyewe hesabu ya yaliyofuata. Watu wa Kufuli walimsubiri Mama Moraa njiani wakamwambia yeye ndiye amewaangusha. Watu wa Ndoo nao wakamwambia alitaka kuwaangusha. Hakuna hata mmoja, katika pande zote mbili, aliyesema kwamba labda angelitaja daraja angepata watu thelathini na mmoja. Walikasirika kama watu walioibiwa mali yao. Na taarifa iliyopelekwa juu ilisema wakulima wa kituo wamezungumza.

Msimu uleule wa mvua, Mama Moraa alivuka kwenye magogo akiwa na kapu, mguu ukapita mahali ule ubao ulipokuwa. Alivunjika nyonga. Walimbeba kwa blanketi hadi barabarani. Mchana, Mzee Ombati alikuja kituoni na majani yake, kwa sababu yalikuwa yamechumwa na hakujua afanye nini kingine.

"Mama ameanguka kwa daraja," aliniambia. "Wamempeleka hospitali."

Nikasema pole. Kisha nikaingiza mkono kwenye gunia hadi kiwiko. Yalikuwa na moto. Nikayarudisha.

Sikuwa mkatili, nilifuata kanuni, na kama mngeniuliza siku ile ningewaonyesha kanuni yenyewe ilivyoandikwa. Mzee Ombati alifunga gunia lake akaenda.

Hospitalini walifika wote wawili, Ndoo Jumanne na Kufuli Alhamisi, kila mmoja na mkate na mtu wa kupiga picha. Nilikuwepo siku ya Kufuli. Alimwambia, "Unaona sasa, Mama? Ungesimama na sisi." Mama Moraa aligeuza uso ukutani. Muuguzi aliniambia kwamba wa Ndoo alikuwa amesema hivyohivyo.

Ule ubao ulikuwa umebaki kwenye nyasi za kituo. Nilikata kipande kwa msumeno nikakitia chini ya mguu mfupi wa meza, na kimo chake kilifaa kabisa. Sehemu iliyobaki mlinzi aliiwashia moto. Miaka yote iliyofuata nilichambua majani juu ya kipande kile, nikakipiga teke kidogo kila asubuhi ili kikae sawa, na sikuandika hata barua moja.

Mtasema, Mzee, hiyo ni kamati ya majani, si nchi. Ni yaleyale, kwa kipimo kingine. Karatasi ya uchaguzi wa nchi ina majina mengi, lakini ikifika kwetu tumeshaambiwa asubuhi hadi jioni kwamba majina ya kweli ni mawili, na ukiweka alama kwa la tatu umetupa kura. Ndugu hawazikani kwa ajili ya majina hayo mawili. Pale Sigor namjua mtu aliyekataa ng'ombe wa mahari kwa sababu wametoka kwa mtu wa chama kingine. Kura zikishahesabiwa, tunaambiwa wananchi wameamua. Wameamua kati ya nini na nini? Nani aliwauliza wanataka kuvuka wapi? Halafu yule wa Ndoo leo ni wa Kufuli, na yule wa Kufuli ni wa Ndoo, walibadilishana kofia mchana kweupe na watu wao wakabaki wakitukanana vilevile. Mabati yalikuja, na tangi likaja muhula uliofuata. Daraja ni magogo mpaka leo.

Mwezi uliopita kamati ilichaguliwa tena. Mimi sasa ni mkulima mstaafu mwenye vichaka vya chai nyuma ya nyumba, kwa hiyo nina haki ya kusimama uwanjani kama mtu mwingine. Nilifika mapema, nikapiga magoti kwenye kituo changu mwenyewe na kutoa kipande cha ubao chini ya meza. Kisha nikaenda katikati ya uwanja nikakiweka kwenye nyasi, nikasimama nyuma yake. Watu waliniangalia wakadhani ni uzee.

Mama Moraa alikuja kwa njia ya Silibwet, na fimbo yake, mwendo wa saa mbili kwa wenye miguu mizima na sijui saa ngapi kwa nyonga ile. Alinikuta pale.

"Chamgei, Mama Moraa," nilimsalimu.

"Chamgei, Karani. Umebeba nini?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Aliinama akakiangalia.

"Ulikata," alisema.

"Nilikata."

"Imebaki kidogo."

"Imebaki hii tu, Mama. Unisamehe."

Hakusema amenisamehe. Alisogea akasimama nyuma yangu, akaegemea fimbo. Wengine wa ng'ambo hawakuja kwetu. Mzee Ombati na Mzee Kirui wamelala ardhini, baadhi waling'oa chai wakapanda miti ya kuni, na vijana wao walikuwa kwenye ile milolongo miwili na kofia mpya. Tulikuwa wawili.

Ukaja wewe, Chepkemoi, na mwavuli, na fomu ndani ya karatasi ya plastiki ili isilowe, kama nilivyokufundisha. Uliinamisha kichwa kwa heshima.

"Mzee, tafadhali chagua laini," uliniambia. "Fomu iko na mahali pawili."

"Naijua hiyo fomu. Sisi tuko wawili. Hesabu."

"Nimewaona, Mzee."

"Basi andika."

"Nitaandika wapi?"

"Hata pembeni. Andika walikuwepo, walitaka daraja."

Uligeuka ukamwangalia msimamizi, naye alikuwa anaangalia saa. Niliona kalamu yako ikisimama juu ya karatasi. Nilikuwa nakuombea kimoyomoyo. Kisha ukaondoka kwenda kuhesabu Ndoo.

Jumatatu nilipita kituoni kuleta majani yangu, nikakuta nakala ya fomu imebandikwa ukutani. Niliisoma yote, kuanzia juu. Chini kabisa palikuwa na nafasi ya wasiohudhuria, na mbele yake umeandika: wawili. Mwandiko ulikuwa safi, mistari imenyooka, hakuna mahali palipofutwa. Nilikufundisha mimi.